HUDIHUDI NA MFASIRI WAKE
Amana ya Mwenye Kubeba Maneno ya Mwingine

Miongoni mwa habari zinazosimuliwa juu ya Nabii Sulemani, aliyefunzwa lugha ya ndege, imo moja ambayo kila askari ataielewa upesi. Siku moja Nabii Sulemani alikagua majeshi yake ya ndege, akaona nafasi moja i wazi. Hudihudi hakuwamo mstarini. Mfalme akauliza aliko, akasema kuwa atampa adhabu kali, au hata kumchinja, asipoleta udhuru ulio dhahiri. Haukupita muda mrefu hudihudi akatua, akaeleza kwamba ametoka nchi ya Saba na ameleta habari za hakika: huko amemwona malkia mwenye kiti kikubwa cha enzi, na watu wake wakilisujudia jua. Sulemani hakumkanusha, wala hakumwamini papo hapo. Alisema kwamba atatazama kama amesema kweli au ni katika waongo. Kisha akamkabidhi barua aipeleke, akamwamuru ajitenge kando kidogo na kuangalia watu wale watajibu nini.

Kisa hicho kimo katika Kurani Tukufu, katika sura iitwayo An-Naml, maana yake Sisimizi. Ndani yake mna mambo yote ya kazi yetu: mkaguzi wa gwaride, aliyekosekana mstarini, ripoti ya upelelezi, kuhakikishwa kwa habari, na barua iliyopelekwa kwa mkono. Na mbele ya yote yumo mjumbe, ndege mdogo mwenye kishungi kichwani, yule yule tumwonaye katika nchi zetu akidonoadonoa ardhini kwa mdomo wake mrefu uliopinda.

Leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu, askari wa majeshi na wa polisi, jinsi ndege huyo alivyofanywa kiongozi katika hadithi kubwa ya Waajemi, na jinsi hadithi hiyo ilivyoingizwa katika Kiingereza na Mwingereza mmoja karne ya 19. Sababu yetu si kupitisha wakati. Mfasiri naye ni mjumbe. Abeba maneno ambayo si yake, kuwapelekea watu ambao hawana njia ya kumuuliza mwenyewe aliyeyasema. Je, mtu wa namna hiyo ana haki gani juu ya maneno hayo, na ana deni gani?

MWUZA DAWA WA NISHAPUR

Mtunzi wa hadithi hiyo aliitwa Farid-ud-Din Attar. Alizaliwa Nishapur, mji wa Khorasan, upande wa kaskazini-mashariki ya Uajemi ambayo leo yaitwa Iran, karibu na mwaka 1145. Jina Attar ni la kazi: ni mtu auzaye marashi na dawa. Inasimuliwa kwamba aliuawa Wamongolia walipouteketeza mji wake katika mwaka 1221. Kitabu chake kilichoenea kuliko vyote chaitwa "Mantiq al-Tayr", yaani Usemi wa Ndege, na jina hilo limetoka katika ile ile sura ya Sisimizi. Chasemekana kuwa kilitungwa yapata mwaka 1177. Kina beti zipatazo 4,500, kila ubeti mistari miwili yenye kina kimoja, na katikati ya hadithi kubwa mna visa vidogo vidogo kwa makumi na makumi.

Hadithi yenyewe yaanza hivi. Ndege wote wa ulimwengu walikutana, wakasema kwamba hakuna nchi isiyo na mfalme, bali wao tu ndio wasio na wa kuwaongoza. Hudihudi akasimama mbele yao. Akawaambia kuwa mfalme wanaye, jina lake Simurgh, naye akaa nyuma ya mlima Qaf unaouzunguka ulimwengu. Hapo zamani unyoya wake mmoja ulianguka katika nchi ya China usiku wa manane, na kila kilicho kizuri duniani ni sura ya unyoya ule. Wanaomtaka wajitayarishe kwa safari, lakini wajue kwamba njia ni ndefu na ya hatari.

Basi ndege wote wakashangilia. Na mara ilipodhihirika kwamba safari ni ya kweli, wakaanza kuleta visingizio.

VISINGIZIO

Hapa ndipo msomaji aliyepata kuamuru watu atakapotabasamu. Bulbuli, ndege mwimbaji, alisema kwamba mapenzi yake kwa ua la waridi yamtosha, hawezi kuliacha. Hudihudi akamjibu kuwa uzuri wa waridi ni wa siku chache. Kasuku alisema haja yake ni maji ya uzima tu. Tausi alisema yeye alikuwa ndege wa peponi, akafukuzwa, na sasa ataka kurudi huko, wala hana haja na wafalme. Bata alisema yeye ni safi kuliko wote, kwani aoga kutwa, naye hawezi kuishi pasipo maji. Akaambiwa kwamba maji ni ya kuwaosha wenye nyuso chafu. Kwale alikuwa akitafuta vito mawemaweni. Bundi alikuwa akilinda hazina katika magofu. Kijindege kimoja dhaifu, mfano wa shomoro, kilisema hakina nguvu ya kufika popote. Na Huma, ndege ambaye kivuli chake chasemekana humpa mtu ufalme, alijiona kuwa mkubwa mno hata asiweze kumwendea mwingine.

Aliyetugusa sisi zaidi ni kozi, ndege wa kuwindia. Yeye alijigamba kwamba kituo chake ni mkono wa mfalme, kwamba amefundishwa nidhamu, na kwamba cheo hicho chamtosha. Hudihudi alimjibu kwa kisa cha mfalme mmoja aliyempenda sana mtumwa wake. Mfalme yule alikuwa akiweka tofaa juu ya kichwa cha kijana, kisha akalilenga kwa mshale. Kila siku kijana aligeuka rangi kwa hofu. Alipoulizwa sababu, alisema: mshale ukinipata mimi, mimi si kitu, ukilipata tofaa, watu watamsifu mfalme kwa shabaha yake. Attar aliandika hayo katika zama ambazo wafalme hawakupenda kuambiwa ukweli. Kwa askari, maana yake i wazi: utumishi ni jambo la heshima, lakini si heshima kumsogelea mkubwa kwa ajili ya kujionyesha tu.

Ndege walipokwisha kujibiwa mmoja mmoja, walikubali kwamba hakuna msafara bila kiongozi. Wakapiga kura, kura ikamwangukia hudihudi, wakamvika taji, wakaapa kumtii. Wakaondoka kwa maelfu.

WALIOFIKA

Hudihudi aliwaeleza mabonde saba ambayo lazima wayapite: bonde la kutafuta, la mapenzi, la maarifa, la kutokuhitaji kitu, la tauhidi, la bumbuazi, na la mwisho bonde la ufukara na kujipoteza kabisa. Wengine walikufa kwa hofu waliposikia tu. Njiani wengine walizama baharini, wengine walikufa kwa kiu na kwa jua, wengine waliliwa na wanyama wakali, wengine waliuana kwa ajili ya punje ya nafaka, na wengine walisimama kutazama maajabu ya njiani wakasahau walikokuwa wakienda. Katika maelfu hayo yote wakafika thelathini tu, hawana manyoya wala nguvu.

Mlangoni walikutana na bawabu, naye aliwafukuza. Hawakuondoka. Mwisho mlango ukafunguliwa, wakapewa maandishi wasome. Humo wakakuta matendo yao yote waliyoyatenda, wakaona haya, kama ndugu zake Yusufu walivyoona haya waliposoma hati waliyomuuzia ndugu yao. Baada ya haya hiyo pazia likainuliwa. Walipomtazama Simurgh, walijiona wao wenyewe. Na walipojitazama, walimwona yeye. Kwani katika Kiajemi "si" ni thelathini, na "murgh" ni ndege. Simurgh waliyemtafuta ni "si murgh", ndege thelathini waliofika.

Huo ndio ujumbe wenyewe. Sasa tumtazame mjumbe aliyeupeleka Uingereza.

MWINGEREZA WA SUFFOLK

Edward FitzGerald alizaliwa mwaka 1809 katika kijiji cha Bredfield, mkoa wa Suffolk, mashariki ya Uingereza. Alikuwa mtu wa jamaa tajiri, akasoma Cambridge, wala hakulazimika kufanya kazi ya kumpa riziki. Hakufika Uajemi maisha yake yote. Kiajemi alikianza akiwa na umri uliopita miaka arobaini, akihimizwa na rafiki yake aliyekuwa mdogo kwake, Edward Cowell, na akisaidiwa na kitabu cha sarufi cha Sir William Jones kilichotolewa mwaka 1771. Mwaka 1856 alitoa tafsiri ya hadithi ya Salaman na Absal, iliyotungwa na Jami. Mwaka huo huo Cowell alisafiri kwenda Calcutta kufundisha, na FitzGerald akabaki peke yake na vitabu vya Kiajemi. Wakati huo alifunga ndoa ambayo haikudumu hata mwaka mmoja. Ni katika miezi hiyo ya 1856 na 1857 alipokuwa akimsoma Attar na kuanza kumgeuza katika Kiingereza.

Msomaji askari apaswa kujua pia kilichokuwa kikitendeka nje ya chumba hicho. Mnamo Novemba 1856 Uingereza ilitangaza vita juu ya Uajemi kwa sababu ya mji wa Herat, ambao majeshi ya Uajemi yalikuwa yameuteka. Majeshi yaliyotoka India yaliteremka bandari ya Bushehr katika Ghuba mwezi wa Desemba, na mapatano ya amani yalitiwa sahihi Paris mwezi wa Machi 1857. Hivyo, wakati mizinga ya Waingereza ikisema na Waajemi kwa lugha yake, Mwingereza mmoja alikuwa akijitahidi kuwasikiliza Waajemi kwa lugha yao wenyewe. Hilo lahesabika kuwa jema kwake.

Wakati huo huo huko Paris mwanachuoni Garcin de Tassy alikuwa akishughulika na kitabu hicho hicho. Maandishi ya Kiajemi aliyachapisha mwaka 1857, na tafsiri yake ya Kifaransa, kwa lugha ya nathari, ikatoka mwaka 1863. FitzGerald alifuata njia nyingine. Alitunga shairi la Kiingereza lenye mistari miwili miwili ya kina kimoja, akaliita "Bird Parliament", yaani Bunge la Ndege. Jina hilo lilikuwa na mwangwi kwa Waingereza, kwani mshairi wao wa kale Geoffrey Chaucer naye alikwisha kutunga shairi la baraza la ndege katika karne ya 14. Hudihudi alimpa jina la Tajidar, neno la Kiajemi lenye maana ya mvaa taji.

Lakini kazi hiyo haikuchapishwa alipokuwa hai. Mwaka 1859 alitoa tafsiri yake ya Rubaiyat za Omar Khayyam, nakala 250 tu, bila kutia jina lake, na hiyo ndiyo iliyompa sifa ulimwenguni baadaye. Bunge la Ndege lilibaki katika makaratasi yake hadi alipokufa mwaka 1883. Lilitokea mwaka 1889 tu, katika juzuu za barua na maandishi yake zilizokusanywa na rafiki yake William Aldis Wright.

ALICHOKATA NA ALICHOHIFADHI

FitzGerald hakukitafsiri kitabu chote. Alichukua sehemu ndogo ya ile asili. Visa vingi alivitupa, vingine alivifupisha, na vingine alivihamisha mahali pake. Safari aliihifadhi, kadhalika visingizio, thelathini waliofika, na ule ukomo ambapo msafiri, njia na mwisho wa njia vyaonekana kuwa kitu kimoja. Kwa msomaji wa Kiingereza ambaye asingevumilia beti 4,500, huo ulikuwa mlango wa kuingilia. Nasi twakiri kwamba mistari yake ya mwisho ina nguvu, na kwamba umbo la mistari miwili miwili lafanana kweli na umbo alilolitumia Attar.

Yeye mwenyewe alikuwa na hoja ya kujitetea. Alipomwandikia Cowell mwaka 1859 juu ya kazi yake ya kutafsiri, alisema kwamba ni afadhali shomoro aliye hai kuliko tai aliyekaushwa na kujazwa pamba. Maana yake ni kwamba tafsiri iliyofuata kila neno lakini imekufa haina faida. Afadhali kitu kidogo kinachoruka. Hoja hiyo ni nzuri, wala hatuipingi. Mtu aliyepata kusoma amri iliyotafsiriwa neno kwa neno, hata isieleweke, ajua kwamba uaminifu wa maneno matupu si uaminifu.

Hata hivyo iko barua nyingine, ya mwaka 1857, ambayo hatuwezi kuipita kimya. Humo alimwambia Cowell kwamba aona raha kujipa uhuru apendao juu ya Waajemi hao, kwa kuwa si washairi wakubwa kiasi cha kumtisha mtu, nao wahitaji sanaa kidogo ya kuwatengeneza. Hapa, ndugu wasomaji, ndipo tunapotengana naye. Kufupisha kwa sababu msikilizaji ana muda mchache ni jambo moja. Kufupisha kwa sababu wamdharau aliyekutuma ni jambo jingine kabisa. Aliyesema maneno hayo alikuwa amejifunza Kiajemi kwa miaka michache tu. Aliyesemwa alikuwa mtu ambaye vitabu vyake vilikuwa vimesomwa kwa karne karibu saba, kuanzia Uturuki hata India.

Na dharau haikosi kuacha alama. Visa vidogo vya Attar, ambavyo mfasiri wetu alivipunguza sana, si mapambo. Humo ndimo walimo maskini, watumwa, vichaa, wafungwa, wafalme na wake zao. Kila fundisho la hudihudi lasimama juu ya mtu aliye na damu na nyama. Ukiwaondoa hao wabaki na fundisho lenyewe, ni kweli, lakini limekuwa kama amri iliyoletwa bila maelezo ya hali ya adui. Waitii, lakini hujui kwa nini ilitolewa.

NENO LILILOKATAA KUVUKA

Liko jambo moja ambalo hata mfasiri mwenye heshima kubwa lamshinda: lile fumbo la "si murgh". Katika Kiajemi sikio lenyewe lapata jibu kabla ya akili. Katika Kiingereza neno la thelathini na jina la Simurgh hayana udugu wowote, kwa hiyo msomaji hana budi kuelezwa kando, na fumbo lililoelezwa ni kama mzaha uliofafanuliwa: laeleweka, lakini halichekeshi.

Sisi tusemao Kiswahili tu karibu zaidi na kitabu hicho kuliko Waingereza, ingawa wengi wetu tumekipata kupitia kwao. Bustani na bandari ni maneno tuliyoyapata kutoka Kiajemi kwa njia ya Bahari ya Hindi. Katika yale mabonde saba, maarifa, tauhidi na ufukara ni maneno ambayo asili yake ya Kiarabu ndiyo ile ile aliyoitumia Attar, wala hayahitaji kutafutiwa mbadala. Jina hudihudi lenyewe ni lile lile. Hata ile "si" ya Kiajemi, kwa bahati tu wala si kwa udugu wa lugha, yakaribiana na neno letu "sisi". Na jibu walilopewa wale thelathini mlangoni si jingine ila hilo: mfalme mnayemtafuta ni ninyi mliofika pamoja. Mfasiri wa Kiswahili aliye hodari angeweza kulitumia jambo hilo, apate pale Mwingereza alipokosa.

WALIOKUJA BAADAYE

FitzGerald alifungua njia, na wengine wameipita wakiwa na mzigo uliotimia zaidi. Mwaka 1924 R. P. Masani, Mhindi wa Bombay wa jamii ya Waparsi, alitoa tafsiri iliyofupishwa ya Kiingereza. Mwaka 1954 C. S. Nott alitoa nyingine, akiitoa katika Kifaransa cha Garcin de Tassy. Yaani ujumbe uliopita mikono miwili. Mwaka 1984 Afkham Darbandi na mumewe Dick Davis, mwanamke wa Iran na mshairi wa Uingereza, walitoa tafsiri ya mashairi ya mistari miwili miwili, umbo lile lile alilolichagua FitzGerald, lakini visa vya Attar wakavirudisha mahali pake. Peter Avery alitoa yake mwaka 1998, na Sholeh Wolpé, mzaliwa wa Iran, mwaka 2017.

Hadithi hiyo ilipata hata kufika Afrika pasipo lugha yoyote. Mwishoni mwa mwaka 1972 na mwanzoni mwa 1973, mwongozaji wa michezo ya kuigiza Peter Brook alitoka Paris na kundi la waigizaji wa mataifa mbalimbali, wakapita Algeria, Niger na Nigeria, wakitandika zulia katika uwanja wa kijiji na kuigiza mbele ya watu ambao hawakuwa na lugha moja nao. Hadithi ya ndege ilikuwa miongoni mwa walizozifanyia kazi. Mwaka 1979 mchezo wenyewe ulionyeshwa Avignon, Ufaransa.

Kutokana na hayo twaona kwamba tafsiri ya kwanza haiwi ya mwisho. Aliyetangulia akikosea, hukosea kwa ajili ya wote watakaomfuata, mpaka atokee mmoja wa kurudi kwenye asili na kuhakikisha. Ndivyo alivyofanya Sulemani: hakuishia kwenye ripoti, alituma barua.

FUNDISHO LA HUDIHUDI KWETU

Sasa turudi kambini na kituoni. Kila siku askari polisi mahali fulani akaa mezani, na mbele yake ameketi shahidi au mshtakiwa asemaye lugha ya kwao. Askari yule asikiliza kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine. Shahidi asema mengi: ataja mvua iliyokuwa ikinyesha, ng'ombe aliyepotea, shemeji aliyepita njiani. Askari amechoka, na karatasi ni moja. Basi akata. Pengine akata kwa haki, kwa sababu shemeji hahusiki. Lakini akikata kwa sababu amuona mtu yule kuwa ni mshamba asiyejua kusema, asiye na la maana, basi ametenda kama mfasiri wa Suffolk alipomtazama mwuza dawa wa Nishapur. Tofauti ni kwamba hapa hapatapotea beti. Mvua ile pengine ndiyo iliyokuwa ushahidi kwamba hakuna mtu aliyeweza kuona sura kwa mbali usiku ule. Na mtu asiye na hatia aweza kufungwa kwa ajili ya sentensi iliyoachwa.

Hali kadhalika askari wa simu ya upepo, mpelelezi arudiye kutoka doria, na mjumbe abebaye habari kutoka kombania hadi makao makuu. Wote hao ni wafasiri. Alichokiona mmoja msituni hakina budi kugeuzwa maneno machache yatakayomwezesha mwingine kuamua, naye hakukiona. Kufupisha ni lazima. Kwa hiyo sheria haiwezi kuwa "usikate." Kwa maoni yetu sheria ni hizi tatu. Kwanza, mheshimu aliyesema kabla hujayagusa maneno yake. Pili, hifadhi lile ambalo likiondoka ujumbe wageuka. FitzGerald, pamoja na kasoro zake, aliwahifadhi wale thelathini. Tatu, ulichokikata kisitupwe: asili iwekwe mahali ambapo mwingine aweza kuirudia, kama daftari la maelezo lenye lugha ya shahidi mwenyewe.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Methali hiyo yamlinda mjumbe mwaminifu. Na hudihudi alisalimika kwa sababu alileta habari za hakika, siyo kwa sababu ya manyoya yake. Walisema pia kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ndege wale walivuka mabonde saba, na mwisho wakarudishwa kwao wenyewe. Kikosi nacho ni hivyo. Twaweza kupewa silaha, magari na makamanda hodari, lakini siku ya mlango kufunguliwa tutakachokiona ni sisi tuliofika, pamoja na karatasi zenye matendo yetu.

Kwa vijana wetu wenye kipaji cha lugha twasema hivi: jifunzeni Kiajemi na Kiarabu kama vile mnavyojifunza Kiingereza na Kifaransa, mkawasome akina Attar kwa vinywa vyao wenyewe na kuwaleta katika Kiswahili bila kupitia mlango wa jirani. Na askari atakayeshika zamu usiku wa leo, akisikia neno la kupeleka, alipeleke kama lilivyo. Likiwa refu alifupishe kwa haki, na akiulizwa, awe tayari kuonyesha alikolitoa.